Mkono Uliokwenda Jikoni kwa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mguu wa mti na kuamriwa niuvae. Nilikuwa na miguu yangu miwili, mizima kabisa, na nikamweleza hivyo Sista Mkurugenzi kwa heshima zote, nikidhani amenichanganya na mgonjwa. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Miguu yako naiona, Amisi. Njo maana unapashwa kuvaa ile. Muntu mwenye kukosa muguu anajua mambo weye haujue. Kunja goti."

Nikakunja goti. Wakalifunga kwa mikanda juu ya kigogo chenye kikombe cha ngozi, mguu wangu wenyewe ukabaki umekunjwa nyuma, umefichwa na suruali pana, nikatumwa sokoni kununua sabuni ya kufulia. Shangazi yangu alikuwa akiuza mafuta ya mawese pale sokoni. Aliponiona nakuja nikichechemea, hakuuliza swali hata moja. Aliweka mikono kichwani, akapiga yowe, akaacha mafuta yake na kukimbilia kwetu kupeleka msiba. Jioni niliporudi nyumbani kwa miguu yangu miwili, nikakuta mikeka imetandikwa, majirani wameketi, na baadhi yao, inanisikitisha kusema, walionekana kuvunjika moyo, maana pilau ilikuwa imeshawekwa motoni. Mama alinipapasa miguu yote miwili mpaka wageni walipomaliza kula.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya viungo bandia pale Uvira. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo, mkiwa na kompyuta na viyoyozi, ambao kila mkinikuta njiani mnaniuliza zamani tulifanyaje. Tulifanya kwa shida, lakini tulicheka sana.

Ukoo wetu ni wa wale Waislamu wa Uvira ambao mababu zao walifika na biashara ya ziwani. Baba hakuona sababu ya mwanawe kuchonga miguu ya watu badala ya kuuza vitenge kule Kavimvira, mpakani, kama kaka zake. "Kitenge kikimchanikia mteja, anarudi kununua kingine," aliniambia. "Mguu ukimvunjikia, anarudi kukupiga nao." Kwa hilo la pili alisema kweli, limenitokea.

Baada ya muda Sista alinituma Bukavu nikasomee kazi vizuri, chini ya Mkuu wa Mafunzo, mzee mfupi aliyekuwa mweupe kwa vumbi la plasta kuanzia nyusi hadi viatu. Kwake nilijifunza kwamba sehemu inayobaki baada ya kiungo kukatwa inaitwa kigutu, na kwamba kigutu huvikwa kikombe, na kwamba kikombe ndicho kazi yenyewe. Mengine yote ni mapambo. Unazungushia kigutu bandeji yenye plasta mbichi, ikikauka unaitoa, unaijaza plasta nyingine, unapata sanamu ya kigutu, na juu ya sanamu hiyo unavuta plastiki iliyolainishwa kwenye tanuri. Ukikosea kidogo tu, mtu anapata kidonda. Wanafunzi tulipenda kubishana na wagonjwa, tukiwaonyesha kwa rula kwamba kikombe hakiwezi kuwaumiza. Mkuu wa Mafunzo alitunyang'anya rula.

"Mugonjwa akisema inaumia, inaumia," alisema. "Rula haina nyama."

Kutoka Bukavu nilirudishwa Uvira na kupewa kazi ya kuzungukia bonde la Ruzizi kwa pikipiki, kupeleka viungo kwa watu wasioweza kuja mjini. Nilibeba miguu ndani ya gunia. Kwenye vizuizi vya barabarani askari huuliza mizigo, na mimi nilijibu kweli tupu: miguu. "Ya nani?" Ya watu wa Mutarule. Siku moja askari mmoja alitaka kuhakikisha, akafungua gunia, akaona kidole gumba cha mpira kinamtazama. Alifunga gunia mwenyewe, kwa kamba yake mwenyewe, na tangu siku ile nikipita pale alikuwa akitazama milimani mpaka nitokomee.

Miguu tuliiweza. Mikono ndiyo ilitutesa. Mtu aliyekosa mguu anataka kutembea, basi, ukimpa kitu cha kutembelea amefurahi. Aliyekosa mkono anataka kula, kufunga vifungo, kusalimia, kubeba mtoto, kupiga makofi kanisani, na juu ya hayo anataka watu wasimtazame. Tulikuwa na mikono ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na kulabu ya chuma inayofunguka kwa waya uliofungwa begani. Ilifaa sana kwa kazi, na watu waliikataa kwa sababu watoto waliikimbia. Ya pili ilikuwa ya urembo tu, mkono wa mpira usiofanya lolote, na glovu zake zilitufikia kwa rangi ambazo sikuwahi kuziona kwa mtu yeyote wa bonde lile. Mchungaji mmoja nilimvisha mkono mweupe kiasi kwamba waumini wake walisema umetangulia Ulaya na yeye atafuata.

Sista Mkurugenzi alipostaafu tukaletewa Shefu wa Atelye, yaani mkuu wa karakana yetu, kijana msomi, mpole, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: kila kitu alikiita aparei, kwa Kifaransa chake, yaani kifaa. Mguu ni aparei, mkono ni aparei, fimbo ya mzee ni aparei. Yeye ndiye aliyefanikiwa kuwashawishi wafadhili wakatuletea mikono ya umeme, michache, iliyolazwa ndani ya masanduku yenye sponji kama mayai. Siku ile alituita wote, akafunika meza kwa kitambaa cheupe, akanigeukia mimi kwanza.

"Papa Amisi, nakuheshimia sana. Lakini hii ni aparei ya siku hizi. Nakuomba usiitengeneze na nyundo."

Akaja injinia mgeni kutufundisha, naye akaondoka kabla hatujamaliza kuelewa, kwa hiyo mengine tuliyaelewa wenyewe. Nitawaeleza kama nilivyokuja kuwaeleza wagonjwa wangu. Mkono ukikatwa chini ya kiwiko, vidole vinakwenda, lakini misuli iliyokuwa ikivivuta inabaki ndani ya kigutu, imekaa kama wafanyakazi ambao kiwanda chao kimefungwa na hawajaambiwa. Ukifikiria kufunga ngumi, msuli wa ndani unakaza. Ukifikiria kufungua, unakaza wa nje. Msuli ukikaza hutoa umeme, mdogo mno, na ndani ya kikombe tunaweka vipande vya chuma vinavyogusa ngozi, viitwavyo elektrodi. Vipande hivyo huusikia umeme huo na kuiambia mota ya mkononi ifunge au ifungue. Betri inakaa kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo. Kiganja chenyewe kinaingia kwenye kifundo kwa kuzungushwa, na kinatoka kwa kuzungushwa vilevile.

Mna mambo mawili ya kukumbuka. Misuli yote miwili ikikaza kwa pamoja, kama inavyotokea kwa mtu mwenye hofu, mkono haujui umsikilize nani, kwa hiyo unabaki ulivyo. La pili ni kubwa zaidi: mkono ule hausikii kitu. Haujui kama umeshika yai au jiwe au hewa. Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa: macho yako ndiyo ngozi yake, usifunge wala usifungue bila kuutazama, maana bila macho misuli haijui upi ukaze na upi ulegee.

Mtu wa kwanza niliyemvisha alikuwa kijana wa Mutarule aitwaye Kashindi. Mashine ya kukoboa mpunga ilimchukua mkono wa kuume, chini kidogo ya kiwiko. Alikuwa mchapakazi, mwenye aibu, na alikuwa akimpenda binti wa Katogota aitwaye Nabintu, naye Nabintu alimpenda hivyohivyo, mkono ukiwepo au usiwepo. Aliyeweka kizuizi alikuwa baba mkubwa wa binti. Baba mzazi alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo huyo ndiye aliyesimamia ndoa. Alikuwa mkurugenzi mstaafu wa shule ya msingi na bonde zima lilimwita Papa Direktere. Kwao, siku ya kutoa mali, yaani mahari, mkubwa wa upande wa binti humpa muoaji kibuyu cha kinywaji, na muoaji hukipokea kwa mikono miwili. Kupokea kwa mkono mmoja ni dharau. Papa Direktere alisema hana chuki na kijana, ila hawezi kumtoa mtoto wa marehemu ndugu yake kwa mtu atakayempokea kwa mkono mmoja.

Kashindi alikuja Uvira akaniambia jambo hilo huku akitazama viatu vyake. "Papa Amisi, minye siombe mukono ya kulima. Ya kulima naweza. Naomba ya kupokea kibuyu."

Tulianza. Kabla ya kumpa mkono nilimfunga elektrodi tu, nikamweka mbele ya kompyuta yenye mistari miwili, mmoja kwa kila msuli, nikamwambia ainue mmoja bila kuuamsha mwenzake. Alitoka jasho kuliko akiwa shambani. Baadaye tukaingia kwenye vikombe vya plastiki, kisha nyanya, kisha mayai, mpaka mama yake akatuma ujumbe kutoka Mutarule kwamba kama atelye inataka mayai zaidi ije na kuku wake. Betri aliichaji kijijini kwa jamaa mwenye sola, aliyezoea kuchaji simu. Jamaa aliitundika ukutani katikati ya simu za watu, na wateja wakawa wanauliza ile inapiga mtandao gani.

Siku ya kutoa mali Kashindi aliniomba nimsindikize Katogota, kama fundi na kama mzee wa upande wake. Shefu naye akaja, na kamera, kwa sababu wafadhili walikuwa wakisubiri picha. Turubai lilifungwa uani, upande mmoja wakakaa wenye binti, upande wa pili sisi, ng'ombe wetu wamefungwa kwenye mti. Kibuyu kilikuwa tayari mbele ya Papa Direktere. Ndani mlikuwa na Fanta, kwa maana mchungaji alikuwepo.

Sasa lazima niwaeleze mila moja, ninyi msioijua. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawagusani, hawazungumzi uso kwa uso, na mama akipita karibu, kijana huinamisha macho mpaka apite. Ni heshima kubwa kuliko zote. Mama yake Nabintu alikuwa jikoni, nyumba ya nyuma, na asingetoka kabisa siku ile kama isingenyesha mvua. Lakini mvua ilinyesha, ile ya bonde isiyobisha hodi. Paa la jiko likaanza kuvuja kwenye masufuria, na wanawake ikawabidi wahamishie vyakula nyumba kubwa, wakipitia chini ya turubai letu, nyuma ya viti vyetu, hakuna njia nyingine.

"Mama iko anapita!" mtu akaita. "Mukwe, angalia chini!"

Kashindi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Mama akapita nyuma yake amebeba sufuria la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, amejitanda kitenge cha pili begani, kipya, ncha yake ikining'inia. Mkono wa umeme ulikuwa pembeni ya kiti, wazi. Ncha ya kitenge ikaingia kiganjani. Kashindi, kwa hofu ya mama mkwe, akakunja ngumi, na mkono ukafanya kazi niliyoufundisha. Ukafunga.

Mama akadhani amenaswa na msumari wa kiti. Hakuweza kugeuka, maana angemtazama mkwe. Akavuta. Kiti kikasogea pamoja na mkwe.

"Papa Amisi," Kashindi akaninong'oneza, macho ardhini. "Ni nani ananivuta?"

"Fungua mukono!"

"Niko nafungua!"

Hakuwa anafungua. Misuli yote miwili ilikuwa imekaza kama kamba za mtumbwi, na mkono ulibaki ulivyo. Nikasahau niko wapi, nikampigia kelele kama tuko atelye. "Angalia mukono! Hauwezi kufungua bila kuangalia! Angalia!"

"Hapana, papa. Mama iko nyuma yangu."

Mama akavuta tena. Kitenge kikaanza kumtoka begani, wazee wa upande wao wakaanza kusimama, na Shefu, Mungu amsamehe, akapiga picha. Nikafanya kitu pekee kilichobaki. Nikashika kifundo cha Kashindi, nikazungusha, nikakitoa kiganja.

Nilidhani kitenge kitaachia. Lakini mkono ule ukitengwa na betri yake hubaki ulivyokuwa, na ulikuwa umefunga. Mama, akihisi ameachiwa, akaharakisha kwenda zake bila kugeuka, sufuria mikononi, na mkono wa mkwe wake ukimning'inia mgongoni, vidole vimekamata kitenge, unapunga kwa kila hatua. Akaingia nyumba kubwa. Kisha kikatoka kilio cha wanawake ambacho sijakisikia kingine tangu kile cha shangazi yangu sokoni.

Sisi chini ya turubai hatukujua tucheke au tukimbie. Papa Direktere hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama, akanyoosha koti lake, akaongea kama aliyerudi mbele ya ubao.

"Wandugu, nawauliza kitu moja tu. Ile kitu yenye ilienda na mama, ni mukono ya Kashindi, ao haiko mukono yake? Kama ni mukono yake, amekamata mama mukwe mbele ya watu, na hakuna ndoa. Kama haiko mukono yake, basi iko na mukono moja tu, atapokea kibuyu na nini? Na hakuna ndoa. Muchague."

Akaketi. Nawaambia kweli, katika kazi yangu yote sikuwahi kuona mtu akifungwa kwa hoja vizuri namna ile. Shefu alidhani anasaidia.

"Papa Direktere, ile ni aparei tu," akasema.

"Asante," Papa Direktere akajibu. "Shefu wao amesema. Ni aparei."

Nikainuka mbio. "Hapana! Ni mukono! Inasikiliza misuli yake!"

"Fundi, weye njo uliizungusha ukaitoa kama kifuniko ya chupa. Mukono ya muntu inatokaka vile?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini wote bondeni wanajua kwamba meno ya juu ya Papa Direktere yalitengenezwa Bujumbura, na mdomo wangu ulinitangulia. "Na ile meno utakula nayo nyama leo? Usiku inalala mu kikombe. Ni yako, ao haiko yako?"

Watu walicheka, wa kwao zaidi kuliko wa kwetu. Papa Direktere hakucheka. Alifunga midomo juu ya meno yake na kutoa ishara, na vijana wawili wakaenda kuwafungua ng'ombe wetu waturudishie. Kicheko kikakatika. Nabintu alikuwa mlangoni mwa nyumba kubwa, analia waziwazi. Kashindi alikuwa bado ameinamisha kichwa, mkono wa shati ukining'inia mtupu, na machozi yakimdondokea magotini. Nilijiona mjinga. Kijana alikuja kwangu kuomba kitu kimoja, nami nikampa kitu hicho kikamwangusha siku yenyewe, kisha nikamalizia kwa mdomo.

Wakati ule akatoka shangazi wa Nabintu, mjumbe wa mama, kwa sababu mama mwenyewe asingeweza kusema na mkwe. Akasimama katikati ya mvua na turubai.

"Mama iko anauliza. Anaomba mukwe ajibu."

Papa Direktere akataka kusema, wazee wakamwashiria aache.

"Mama anauliza: wakati ulisikia unavutwa, ulijua ni yeye?"

"Nilisikia tu kuvutwa," Kashindi akajibu ardhi. "Nilijua iko nyuma yangu."

"Anauliza: fundi alikupigia kelele akisema nini?"

"Alisema niangalie."

"Na ungeangalia, mukono ingefunguka?"

Mimi nikajibu kwa niaba ya Kashindi, taratibu safari hii. "Mama shangazi, kama angeangalia, ingefunguka mara moja. Mukono ile inafunguka na macho. Nilimuambia aangalie. Alikataa."

"Na fundi wakati alikutoa mukono, ukasikia inaenda, uliangalia?"

"Hapana, shangazi."

"Mupaka sasa haujaangalia?"

"Mupaka sasa."

Shangazi akarudi ndani. Tulisubiri. Mvua ilikuwa ikipungua. Ng'ombe mmoja alikuwa amekwisha kufunguliwa, akawa anakula maua ya mwenyeji na hakuna aliyemfukuza. Shangazi akatoka tena, safari hii amebeba mzigo mikononi: kitenge kimekunjwa vizuri, na juu yake ule mkono, bado umeshika ncha yake. Wanawake walikuwa wameufuta sombe iliyoumwagikia kule ndani.

"Mama anasema hivi," akasema, na alisema kwa sauti ya watu wote wasikie. "Minye nimezaa mabinti, nimeona wakwe. Wako wenye mikono mbili. Wanainamisha kichwa, lakini jicho moja linapanda. Huyu, mukono yake imechukuliwa, imeenda, na macho haikupanda. Mukono ni yake. Na mukono ya muntu mwenye heshima namna ile haijanivunjia heshima. Arudishiwe. Na kibuyu isiongojeshwe, chakula inapoa."

Wote tukamtazama Papa Direktere. Alikaa akiwaza, ulimi ukisukuma meno yake ya juu mbele na nyuma, na nina hakika alikuwa akitafuta mlango wa tatu katika hoja yake mwenyewe. Hakuupata. Alikuwa mtu wa haki, nampa hilo. "Mama amejibu," akasema mwishowe. "Fungeni ng'ombe."

Nikakirudisha kiganja mahali pake, nikakizungusha mpaka kikalia tik. "Sasa angalia," nikamwambia Kashindi. Mama alikuwa ndani, hapakuwa na kizuizi. Akainua macho kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, akautazama mkono wake, na vidole vikafunguka taratibu. Kitenge kikaanguka mapajani. Vigelegele vikapasuka kila upande.

Papa Direktere alinyanyua kibuyu. Kijana akanyoosha mikono yote miwili, wa nyama chini, wa umeme ubavuni. Sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu, kwa maana kibuyu si yai, ni kizito na kinateleza zaidi, na kila nilichofanya tangu nilipovaa mguu wa mti kilikuwa kwenye vidole vile. Papa Direktere hakukiachia haraka. Alisubiri mpaka aone kwa macho yake. Kisha akaachia, na Kashindi akawa amepokea.

Nimestaafu sasa. Shefu alinifanyia sherehe ndogo pale atelye, akasema maneno mazuri, akaniita aparei ya thamani, nikajua ananipenda. Vijana mnaniuliza nini nilichojifunza. Nilijifunza kwamba sisi mafundi tunajua jinsi mkono unavyofunga na kufunguka, na hatujui kabisa utakwenda kukaa katika nyumba gani, kati ya watu gani, chini ya sheria zipi. Kabla ya kumvisha mtu, muulizeni anaishi na nani na anamwogopa nani. Kompyuta haiwezi kuwaambia hilo. Mradi wa mikono ya umeme uliisha kama miradi inavyoisha, betri mpya zikaacha kuja, na mmoja baada ya mwingine ikanyamaza.

Hivi karibuni nilikuwa napita Katogota kwa pikipiki ya kukodi, siku ya soko, nikamwona Kashindi pembeni ya barabara. Ametulia, amenenepa, na mwanawe mgongoni. Mkono ule bado anauvaa. Umekufa muda mrefu, vidole vimegandia nusu wazi, na kwenye vidole vile kilikuwa kimetundikwa kikapu kikubwa cha mboga. Alikuwa akitembea mbele, macho chini. Hatua chache nyuma yake alikuja mama mkwe, mikono mitupu, akitembea kwa raha. Nikashuka, nikawasalimu, nikamwambia Kashindi kwamba najua mtu Bukavu mwenye betri za zamani, aniletee mkono nijaribu kuufufua.

Mama akasimama. Akaugeuzia uso mashamba ya mpunga, kwa adabu, akanijibu mimi, ingawa mkwe wake alikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

"Papa Amisi, muambie mukwe wangu asikubali. Ukiitengeneza itafunguka, na mboga yangu itaanguka."

Nikamgeukia Kashindi, nikamrudishia maneno yale yote, neno kwa neno. Aliyasikiliza kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

"Muambie mama," akajibu, akitazama vumbi, "mukono ni yake."

Nikamwambia.